Kibali cha Kobe

Jumapili, saa tisa alasiri

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za nyumba nzima mpaka yule paka wa jirani aliyehamia kwetu bila kuomba. Natumaini wewe, Wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha mtoto wenu mdogo kimekwisha. Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima kuliko unavyodhani. Mimi ndiye naumwa kiuno, na nikikueleza nimekipataje utasema nimejitakia. Kweli nimejitakia.

Barua yako tumeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama na ya pili nikiwa nimekaa, na mara zote mbili imenichemsha damu. Unasema Jumamosi ijayo utakuja na lori umchukue Mama akaishi kwako, nyumba ipangishwe, na yule mnunuzi wa vyuma chakavu aje kulibeba gari la marehemu Baba kwa kuwa umeshampa neno lako. Unasema gari lisilotembea wala kusajiliwa si gari, ni chuma. Unasema tena kwamba mama wa miaka sitini na tisa hawezi kukaa peke yake mahali ambapo hana hata usafiri wa kumfikisha kliniki. Sasa kaa kitako, Kaka, uweke na kikombe chini. Nina mengi, na sitayapunguza makali kwa sababu wewe ni mkubwa wangu.

Nianzie kwenye simu yako ya miezi miwili iliyopita, ile uliyoniuliza Mama anasemaje kuhusu kuhama na gari kuuzwa. Tangu siku ile sikuwa na raha. Sababu nitaisema mwishoni, maana nikiisema sasa hutasoma yaliyobaki. Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani na kisu changu cha kazi kuvua viti vya Kobe, gari letu lile tulilolibandika jina utotoni, kabla hajabebwa. Ndiyo, nilitaka kuvichukua. Mimi fundi viti, na ile ngozi ya zamani siku hizi huipati hata ukiitafuta kwa tochi. Nikafungua banda, nikakuta magurudumu yote manne yamejaa upepo, ndii!

Gari limekaa miaka kumi na moja, Kaka. Nani anajaza upepo? Nikamwita Fundi Miwani, yule mzee wa injini mwenye gereji pembeni ya karakana yangu, aje aangalie. Akafungua boneti, akagusa huku na huko, kisha akasema injini hii haijakwama hata kidogo, kuna mtu amekuwa akiitia oili na kuizungusha kwa mkono mara kwa mara. Akaniuliza kama ni mimi. Mimi hata boneti nilikuwa sijui inafungukia wapi. Nikageuka, nikamwona Mama amesimama mlangoni na pampu ya baiskeli mkononi. Akasema leo Jumatatu, tumpishe.

Nilirudisha kisu mfukoni kwa aibu. Siku hiyohiyo nikaapa kwamba Kobe habebwi na mtu. Fundi Miwani alisafisha kabureta, akabadilisha mipira ya breki na waya zilizoliwa na panya, mimi nikashona viti upya kwa ngozi ileile. Siku Kobe alipowaka alikohoa kama mzee anayeamshwa mapema, akatoa moshi ukajaa ua mzima, kisha akatulia akawa ananguruma taratibu. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Basi, kuwaka si kutembea barabarani. Unakumbuka namba za zamani zilipofutwa watu wote wakaambiwa wasajili upya, na Baba alikuwa ameshaanza kuumwa, jambo likapita hivyo. Nikaenda ofisi ya usajili wa magari. Karani wa dirisha la tatu, kijana wa tai ya bluu, akaniambia hawasajili gari bila cheti cha ukaguzi. Nikaenda kwa wakaguzi, wakaniambia nilete gari, ila lisije likiendeshwa barabarani bila usajili. Nikarudi kwa Tai ya Bluu nikamuuliza nililete mgongoni? Akanijibu bila kuinua macho kwamba huo ni utaratibu. Nikaja kesho yake, nikaja kesho kutwa yake. Siku ya nne nikakaa kwenye benchi lao na kushona kifuniko cha kiti cha mteja palepale, uzi na sindano, nikamwambia sina haraka, kazi yangu inabebeka. Kufika mchana mkuu wake akatoka kuuliza huyu mama anashona nini ofisini kwangu. Alipoelezwa, akavuta droo ya chini kabisa, akapuliza vumbi, akatoa fomu. Kibali cha muda cha gari lisilosajiliwa, siku moja tu, kwenda kukaguliwa na kurudi. Fomu ilikuwapo siku zote, Kaka! Imelala droo ya chini!

Fomu ilitaka namba ya chesisi, tena si ya kuandika tu. Unaweka karatasi juu ya namba iliyogongwa kwenye chuma, unasugua kwa penseli mpaka ijitokeze yenyewe. Nimelala chini ya Kobe tangu asubuhi hadi adhuhuri nikikwangua kutu. Hiki ndicho kiuno ninachokwambia.

Nikajaza fomu vizuri. Penye mwenye gari nikaandika jina la Baba. Tai ya Bluu akafurahi kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akasema marehemu haombi kibali, nilete karatasi za mirathi zilizosainiwa na mtoto mkubwa. Mtoto mkubwa ni wewe. Maji yakanifika shingoni. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamkuta Mama anapiga pasi, nikammwagia yote. Mama hakuacha kupiga pasi. Aliniuliza ni nani aliyewahi kuniambia gari lile ni la baba yangu.

Kaka, mimi na wewe tumekulia kwenye kiti cha nyuma cha gari lile, na kila siku tulisema gari la Baba. Mama akaweka pasi chini, akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na hati ya mauzo imekunjwa ndani ya kitambaa. Alilinunua yeye. Alilinunua kwa daktari aliyekuwa anastaafu pale kliniki Mama alipokuwa mkunga, miaka miwili kabla wewe hujazaliwa. Jina lake lipo, saini yake ipo, na namba ya chesisi ni ileile niliyoisugua kwa penseli. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema enzi zile mwanaume akiendeshwa na mkewe mtaa mzima unacheka, na baba yetu alikuwa mtu wa kuumia akichekwa, kwa hiyo alimwachia usukani. Usukani tu, akasema, gari hakumwachia. Sisi wengine hatukumuuliza.

Nikaenda naye dirisha la tatu. Tai ya Bluu akaanza kuniuliza mimi: mama ana umri gani, mama anaelewa anachosaini. Mama akamwambia yuko hapa, amtazame yeye. Kisha akafika kwenye mstari wa dereva, ambapo nilishaandika jina langu, akaomba kalamu, akalikata. Akaandika lake. Nikadhani ni masihara. Karani akatabasamu, akaomba leseni, na Mama akafungua pochi akaiweka juu ya meza, leseni hai, haijaisha muda.

Unakumbuka jinsi kila baada ya miaka mitatu tulikuwa tunampeleka mjini kupima macho? Wewe mwenyewe umempeleka mara mbili, ukamsubiri nje unasoma gazeti. Alikuwa anapima macho kweli, hajatudanganya. Bila kupima macho hawakuongezei leseni.

Hivyo Ijumaa iliyopita, kwa kibali kilichobandikwa kioo cha mbele kwa gundi yangu ya viti, mama yako alitoa Kobe bandani saa moja asubuhi. Mimi nilikaa kushoto, nimeshika mlango kwa mikono miwili. Mwanzoni gia ililia, nikafumba macho. Kufika barabara kubwa alikuwa ameshatulia, mgongo wima, anatazama vioo, anawapisha waenda kwa miguu, na ananikaripia mimi nisipumue kwa nguvu namna ile. Askari wa barabarani alitusimamisha, akasoma kibali mbele na nyuma, akauliza dereva ni nani, halafu akapiga saluti. Mkaguzi alipiga nyundo huku na huko, akatukatalia kwa ajili ya taa moja ya nyuma, tukabadilisha balbu palepale, akagonga muhuri. Amefaulu, Kaka. Chuma chako chakavu kimefaulu!

Wakati wa kurudi tulipita mbele ya ile yadi ya vyuma. Ipo njiani, kibali hakikuvunjwa. Mama alisimama getini akapiga honi mpaka yule mnunuzi akatoka na mkate mdomoni. Akamwambia kwamba mwanawe alimpa neno juu ya kitu kisichokuwa chake, na mwenye kitu amekuja kulichukua neno hilo amrudishie mwanawe. Mtu yule alitazama gari, akamtazama Mama, akasema sawa mama. Kwa hiyo nakurudishia neno lako. Limo humu ndani ya bahasha.

Sasa lile nililoahidi. Uliponipigia simu kuniuliza Mama anasemaje, nilikwambia amekubali. Amekubali kuhama, amekubali gari liuzwe. Kaka, sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa na kazi ya watu inanisubiri, na wewe sauti yako ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua, nikaona nikisema ndiyo tutamaliza. Nilimsemea mama yangu kama wote tulivyozoea kumsemea. Halafu nikaenda na kisu kuvua viti vyake. Nimemwomba radhi Alhamisi usiku kabla ya safari, amenisamehe, ingawa amenipa kazi ya kupiga pampu kila Jumatatu mpaka nife. Nawe nakuomba radhi kwa kukudanganya. Kwa mengine yote sikuombi radhi, na hata ukinuna mwaka mzima sibadilishi neno.

Jumamosi usije na lori. Hahami, ng'o. Kliniki atakwenda kwa gari lake. Namba mpya zinatoka Alhamisi, kwa jina lake, na Jumamosi hiyohiyo atakuja kwenu yeye mwenyewe, akae siku mbili awaone wajukuu, kisha arudi nyumbani kwake.

Msalimie Wifi, mwambie ushonaji wa viti vyake vya sebuleni bado naukumbuka. Wabusu watoto. Mungu awalinde wote mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mbishi kama ulivyoniacha,

Fundi Viti

Nimemsomea Mama barua hii kabla ya kuifunga. Ameomba kalamu.

Mwanangu, dada yako amekosa na amekiri. Wewe namba yangu ya simu unayo. Nitafika saa nne, geti liwe wazi.
Mama yako.