Kadi ya Huduma ya Honorata

Katubuka, Kigoma
22 Februari 1998

Dada yangu mpendwa Leonia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba yale maumivu ya mgongo uliyokuwa nayo Krismasi yamepungua, ingawa najua kazi ya uuguzi hapo kwenye kambi ya wakimbizi haimwachii mtu nafasi ya kukaa kitako. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wifi yako Winfrida anakusalimu sana. Mvua imebomoa ukuta wa choo chetu, lakini mahindi yamesimama vizuri, na kule stesheni vifurushi vinaingia kuliko mikono tuliyo nayo. Honorata hajakusalimu. Nimemwambia namwandikia shangazi yake, akanyamaza. Sababu ya kunyamaza kwake ndiyo inayonifanya nikuandikie, maana nisipoisema nitapasuka kwa hasira.

Unajua kwamba mwaka jana aliingia katika skauti wadogo pale shuleni kwao. Tangu siku hiyo nyumba hii haikuwa na habari nyingine ila beji. Nilikuwa namletea vipande vya kamba ya katani tunayofungia vifurushi, tunakaa barazani jioni tunafunga na kufungua mafundo, mpaka akanishinda mimi ambaye kufunga ndiyo kazi yangu mwaka wa kumi na mbili huu. Beji ya mafundo akaipata Oktoba. Ya usafi akaipata Novemba, baada ya kutulazimisha sote kunywa maji ya kuchemsha na kunikagua kucha mimi baba yake kabla sijagusa ugali. Nilikuwa nacheka, lakini moyoni nilijivuna, dada. Mtoto wa miaka tisa!

Januari ikaja beji ya huduma. Mtoto anatakiwa amsaidie jirani siku ishirini na moja, na kila siku aandike kwenye kadi amemsaidia nani na amefanya nini, kisha mzazi atie sahihi. Wenzake wengi walichagua bibi zao. Honorata akamchagua Bibi Veneranda, yule mama mfupi aliyekuwa amepanga chumba cha uani kwa majirani zetu wa nyumba ya pili. Nadhani ulimwona kanisani ulipokuja, akikaa benchi la mwisho na kilemba chake cha kitenge cha kijani. Alikuwa anaanika dagaa ufukweni Kibirizi kwa ujira, macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na kikohozi kilikuwa hakimwachi.

Mtoto alimtekea maji, alimtungia uzi kwenye sindano, alimchagulia mchele. Yule bibi naye alimfundisha kusuka ukili, na alimwita mwana wanje, yaani mwanangu. Sisi tukimwamkia mwakeye, yeye alijibu mwaramutse, salamu ya ng'ambo ya mpaka, na mtaa mzima ulisikia ukaacha. Aliyeuliza aliambiwa ni mtu wa Manyovu, kule mpakani wanakosema hivyo. Miaka minne hakuna aliyemsumbua. Siku ya sita au ya saba akamwambia Honorata ukweli: kwamba alivuka na mtumbwi kutoka Burundi mwaka wa tisini na tatu, na kwamba wanawe wawili walibaki huko kwao, wamezikwa. Mtoto akatusimulia mezani huku akilia. Tukamwambia amtunzie bibi siri yake.

Siku ya kumi na nne kiongozi wao, Mwalimu Leonardi, alizikusanya kadi akazikague. Huyu bwana ni mwalimu, na tena ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, walikuja watu watatu wa serikali na lori, katika ule msako wa kuwapeleka wakimbizi kambini. Hawakuulizauliza nyumba kwa nyumba kama walivyofanya mitaa mingine. Walikwenda moja kwa moja hadi chumba kile cha uani na kumwita kwa jina lake. Shule ilikuwa imefungwa mapema siku hiyo, kwa hiyo Honorata alikuwepo, ameshika ndoo. Bibi aliruhusiwa kufunga mzigo mmoja. Kwa macho yale fundo halikushika, na mtoto wangu ndiye aliyemfungia lile furushi. Kisha wakampandisha lori pamoja na wengine, wakaondoka naye kuelekea huko kambini kwenu.

Sasa sikiliza jambo lililonichemsha damu. Jumamosi ya tarehe kumi na nne skauti walipanga mstari uwanjani, wazazi tukiwa tumealikwa. Mwalimu Leonardi akamwita Honorata mbele. Akasema siku zake zilizobaki zimesamehewa, na kwamba anastahili beji kuliko wote, kwa kuwa amemsaidia jirani na ameisaidia pia serikali kuwatambua wanaoishi mjini kinyume cha utaratibu. Watu wakapiga makofi! Watu wazima, dada, wenye watoto wao, watu tunaosali nao. Akambandika beji kifuani. Tukiwa njiani kurudi, mtoto akaniuliza, "Baba, serikali nimeisaidia nini?" Nikaongeza mwendo. Alipofika nyumbani aliivua sare yote, akaikunja, akamrudishia mama yake aliyeishona. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mimi ndiye niliyempeleka bibi."

Sijapata kukasirika namna hiyo tangu nizaliwe. Jumatatu sikwenda kazini. Nilimfuata mwalimu yule ofisini kwake, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mtoto hatumwi upelelezi bila yeye mwenyewe kujua. Nikamwambia kama alikuwa na haja ya kumkamata yule mama angetumia miguu yake mwenyewe, si daftari la mtoto wangu. Akanijibu taratibu, kama anayefundisha darasa, kwamba amri hakuitunga yeye, kwamba wakimbizi wote wanatakiwa kuwa kambini, na huko kuna chakula na dawa, tena dada yangu mwenyewe ndiye anayezigawa. Nikasema sheria haikumtuma kumvika mtoto wa watu beji kwa machozi ya bibi kizee. Nilipiga meza. Wenzake wakainuka kunishika.

Ndipo akafungua droo akatoa kadi. Dada, mpaka hapa nimeandika kama mtu asiye na doa, na hata Winfrida anajua hadi hapa tu. Akaiweka mbele yangu akaniambia, "Soma, Feliksi. Huu ni mwandiko wa mtoto?"

Haukuwa wa mtoto. Honorata alikuwa ameandika, "Bibi Veneranda, jirani yetu," basi. Chini yake, kwa wino wa ofisi na mwandiko ule unaousifu kila unapopata barua zangu, kulikuwa na maneno haya: "Mkimbizi kutoka Burundi, mjane, asiye na ndugu hata mmoja nchini." Niliyaongeza mimi, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kadi, mtoto akiwa amelala. Nilikuwa nimesikia kwamba kadi itakayopendeza kuliko zote ingesomwa mbele ya wageni kutoka mkoani. Niliona jirani ni neno dogo. Nilitaka waseme binti wa karani wa vifurushi amefanya kubwa. Nami ndiye niliyemkanya asitoe siri.

Nilitoka ofisini mle bila kuaga. Siku nne nilizunguka na jambo hili, nikiendelea kumtukana Leonardi kwa kila aliyetaka kusikia, na bado nasema alichokifanya ni uovu. Lakini nilikuwa namwona mwanangu hali chakula, amejibebesha kosa lisilo lake. Ijumaa, alipotoka shule, nikamketisha nikamwambia yote. Hakulia. Aliniuliza kama Bibi anajua. Nikamjibu, "Hapana, pengine anadhani ni wewe uliyesema." Akasimama. Akaniambia, "Utamwambia wewe. Mimi nitakuwepo nisikie." Tangu hapo ananiamkia asubuhi, basi, hana neno jingine na mimi.

Kwa hiyo ninakuomba, dada. Mtafute katika waliofika wiki ya kwanza ya Februari. Macho yake yatazame wewe mwenyewe, na kikohozi pia. Mwulize kama yuko radhi tumtembelee, mimi na Honorata, Jumamosi ya tarehe saba Machi, kisha utushughulikie kibali cha kuingia. Akikataa, usimbembeleze.

Lakini akikuuliza ni nani aliyemtaja, usimjibu, hata ukiona unanisaidia. Mwambie tu kwamba aliyemtaja yuko njiani anakuja.

Wasalimie shemeji na watoto wote. Winfrida atakuwa amejua kabla hujaifungua bahasha hii, maana nakwenda kumwambia sasa hivi, nikimaliza kutia sahihi.

Ni mimi mdogo wako,
Feliksi