Vidole vya Mfumaji wa Kijapani

Shangazi Zuwena,

Tangu tukuzike, nyumba yako ya Mabela haijatulia. Chumba chako amepewa mjukuu. Ile picha ya mfumaji wa Kijapani, aliyoinunua babu Unguja, imeletwa kwangu Azaiba, kwa kuwa wote wanajua nimeipigania kuliko mtu yeyote.

Nawe unajua nilivyoipigania. Wataalamu wa makumbusho walisema picha zile za kale, zilizopigwa bila rangi kisha zikapakwa kwa mkono, zilikuwa maigizo ya kuwauzia watalii: msichana yeyote akiketishwa mbele ya kitanda cha mfumi, kile cha kufumia nguo, basi keshakuwa fundi. Nikawajibu gazetini: tazameni vidole. Ni vyekundu hadi kwenye kucha. Huyu alitia nyuzi rangi kwa mikono yake, na aliyeipaka picha aliiona alama hiyo ya kazi, akaiheshimu. Niliwaita vipofu waliosoma. Hoja hiyo nimeirudia kitabuni na katika kila ukumbi ulionialika.

Kila makala nilikusomea wewe kwanza. Ulikuwa ukisikiliza, ukiipuliza kahawa yako, kisha ukisema, "Endelea, mwanangu. Wachape."

Siku ya matanga wanawake walikuwa wakikukumbuka, na dada yako Bi Salma akacheka katikati ya machozi. Alisema ulipokuwa ukipaka rangi picha za mabiharusi katika studio ya mumeo, hukuacha mkono wa mwanamke mtupu.

"Hata yule Mjapani wa baba kamtia hina," akasema. "Akaniambia, ati, bibi wa watu mikono mitupu, kama mjane yuko edani? Nnamwonea haya."

Wakacheka wote. Wote walijua, Shangazi. Chumba kizima.

Sikukasirikia hina. Ulimpamba kama ulivyowapamba wanawake wote, na mkono wako ulikuwa mzuri. Lakini wewe ndiye uliyenifunza nisimwamini mtu kwa ajili ya umri wake wala kilemba chake. Mbona hukunambia nisikuamini wewe? Bi Salma anasema ulinionea huruma, nilikuwa na furaha mno. Huruma gani hiyo? Ulinituma vitani na upanga wa karatasi, ukakaa nyuma kunishangilia.

Na yule mfumaji? Huenda alikuwa fundi kweli. Huenda alifuma tangu utoto wake. Nikisema hivyo leo, nani atanisadiki?

Jamaa wananisihi ninyamaze. Marehemu hasemwi vibaya. Nitasema. Picha itatundikwa kwenye maonyesho ya Bawshar, nami nitasimama mbele ya wale wale niliowaita vipofu, niwaambie kwamba hina ile ni ya Zuwena wa Unguja, na kwamba aliyedanganywa ni mimi. Nakuahidi, na jina lako nitalitaja kamili, kama linavyotajwa jina la fundi.

Kwaheri, Shangazi. Kila sala namwomba Mungu akusamehe.

Mimi bado.