Tulichokiita Vumbi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, wewe, wifi, na wale wanangu wawili wanaojifanya hawamjui shangazi mpaka waone begi la zawadi. Mimi mwili hauna neno, ila roho imenichafuka, na nisipokuandikia leo nitapasuka.

Barua yako nimeipata. Unasema umembembeleza mama arudi hospitali kwa kile kikohozi, kakataa katakata. Eti amekwambia: "Mashine ya mwanangu imenipiga picha, mapafu safi. Nikatafute nini tena?" Nawe unaniuliza kwa nini namng'ang'aniza mtu aliyeambiwa ni mzima. Una haki ya kuuliza. Kwa simu nimejaribu kukueleza mara mbili, nikaishia kuzungumzia mvua.

Unakumbuka miezi mitano iliyopita kampuni yetu ya mashine za hospitali ilitualika sisi wafanyakazi tuwalete wazazi wetu, wakapigwe picha za kifua bure kwenye mashine mpya ya majaribio. Mama alivaa gauni lake la harusi za watu, akawasalimia mafundi mmoja mmoja, akawasimulia jinsi nilivyokuwa nakimbia kuku. Walinicheka wiki nzima.

Sasa hiyo mashine, kaka, inatumia mionzi kidogo kuliko zile za zamani. Hilo ni jema. Ila picha inatoka na chengachenga, kwa hiyo sisi wa maabara tumetengeneza programu ya kuisafisha kabla daktari hajaiona. Na tunajuaje kama imesafishwa vizuri? Hapo ndipo ninapotaka kutukana. Mkuu wetu wa utafiti, tunayemwita Bwana Mng'aro, anawakalisha madaktari watatu mbele ya kompyuta, anawaonyesha picha mbili mbili, anawauliza ipi inapendeza. Inapendeza! Kama vile wanachagua pazia. Hakuna anayeuliza ipi inasema kweli. Kila wiki picha zikazidi kuwa nyororo, na kila wiki tukapigiwa makofi.

Wiki mbili zilizopita nikalinganisha picha zilizosafishwa na zile mbichi, ambazo mashine huzihifadhi ndani yake na daktari hazioni. Katika mbichi mia mbili, kumi na moja zilikuwa na doa dogo kwenye pafu, doa la kumfanya daktari akuite tena. Kwenye zile safi, hamna kitu. Limefutika. Nikazibeba mbio kwa Bwana Mng'aro. Akazitazama, akasema nisikuze mambo, kumi na moja si hoja, nizitoe kwenye majaribio ziandikwe kuwa zimeharibika, maana kuna hospitali tatu zinasubiri mashine. Nikamwambia hao ni watu. Akanijibu kwa upole, na huo upole wake ndio ulioniudhi zaidi, kwamba mimi ni mhandisi, si daktari. Haya, si daktari. Lakini macho ninayo.

Nilibamiza mlango wake mpaka kitasa kikanibaki mkononi, ikabidi nirudi kukiweka mezani kwake. Wenzangu, ambao nimekula nao miaka sita, wote wakainamia kompyuta zao kama watu wanaotafuta sindano. Juzi nikawapelekea wakaguzi wa vifaa vya hospitali picha zote, mbichi na safi, ili hao watu watafutwe. Kazi huenda nimeshaipoteza. Na ipotee.

Hapo utasema mdogo wako ni shujaa. Ngoja kwanza.

Programu haizaliwi inajua uchafu ni nini, lazima mtu aifundishe. Aliyeifundisha ni mimi. Kile kioo kinachopokea picha kilikuwa kinashika vumbi, nami nikapewa maelfu ya picha nipitie nukta moja moja, niweke alama: hii ni vumbi, hii siyo. Ilikuwa kazi ya miezi miwili. Nilichoka, kaka, na likizo ilikuwa inakaribia. Nikajiwekea kanuni yangu, kwamba chochote kidogo kuliko punje ya dengu ni vumbi, nikamaliza kwa siku nne. Bwana Mng'aro akanisifu mbele ya watu wote, nami nikacheka mpaka jino la mwisho. Sikumwambia mtu nilivyofanya. Yeye ameficha, na simsamehei kwa hilo. Lakini aliyefuta ni mimi.

Na nilipotafuta namba za wenye zile picha kumi na moja, moja ilikuwa ya mama. Pafu la kulia, upande wa juu. Sijui ni nini, na hakuna awezaye kujua kwa kutazama tu. Huenda ni kovu la zamani. Lakini lipo, na mama ana miezi mitano anakohoa huku akijua hana kitu.

Picha mbichi iko ndani ya bahasha hii. Ukiipata tu, mpeleke kesho yake asubuhi kwenye hospitali yenye mashine ya zamani, umpe daktari picha hii mkononi. Mama atagoma, kwa sababu ananiamini mimi. Kwa hiyo kaa naye umsomee barua hii yote, neno kwa neno, usiruke mahali kwa kunionea huruma. Akiacha kuniamini, atakwenda.

Wifi na watoto wasalimie sana. Mama usimpe salamu zangu. Ijumaa nitakuja kumwamkia mwenyewe, kama atanifungulia mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba