Fundo la Furushi

Jumatatu, 3 Machi

Mama wa duka la vitambaa kavamiwa kwenye uchochoro wa nyuma ya kazini kwetu. Mchana kweupe! Kapigwa makofi mawili, simu na pochi vimekwenda. Habari nimeipata kwa Redio, mpiga pasi mwenzangu — tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki. Kwa kawaida hutia chumvi, lakini leo alisimulia polepole. Hapo nikajua ni kweli.

Kaka kasema kama hali ndiyo hiyo, niache udobi. Nikamjibu nitaacha siku atakayoanza kupika. Wifi kacheka mpaka akapaliwa. Kaka hakucheka. Na mimi kazi naitaka, jamani. Humu nyumbani kwa kaka, kazi ndiyo kitu pekee kilicho changu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa ya vibaka! Mkoba nauvaa begani ukapita kifuani, na mkanda nimeufupisha kwa fundo la furushi, lile tunalofungia mashuka machafu ya hotelini. Ukilivuta ndiyo kwanza linakaza. Waje sasa.

Mama mdogo kaliona, kanuna. Alikuwa askari magereza. Kazi kastaafu, mdomo bado. Eti mkoba ni wa kumwachia mtu, si wa kufa nao. Eti nipige kelele, nikimbilie penye watu, mengine baadaye. Nikaitikia, ndiyo mama. Fundo sikulifungua.

Alhamisi, 6 Machi

Niko hai. Mungu mkubwa, niko hai.

Nilitoka saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Redio na wenzake zamu yao ilikuwa haijaisha. Nikapita uchochoroni — kichwa kigumu mimi — kwa sababu njia ya mbele ni mzunguko. Nilikuwa karibu na geti letu la nyuma mtu aliponidaka mkoba kwa nyuma. Shati la kijani, kovu kwenye kifundo cha mkono. Nikakumbuka maneno ya mama mdogo. Nikasema chukua! Nikainua mikono kabisa.

Hautoki! Fundo! Akavuta, mkanda ukaniingia shingoni, nikamfuata kama mbuzi. Akafoka leta. Nikamwambia si nimekupa? Tunavutana kwa kitu ambacho wote wawili tumeshakubaliana ni chake! Akanipiga kibao. Nikafungua kinywa nipige yowe — hakuna. Sauti imenikimbia.

Mkono wangu ukagusa geti. Na mkono ukafanya wenyewe: ngo ngo ngo, kimya, ngo ngo ngo. Ndani mashine zinanguruma, hakuna anayemsikia mwenzake. Mtu akinaswa vidole, unagonga bomba hivyo, na kila mashine inazimwa papo hapo. Nikasikia ngurumo inakatika. Nikasema nimepona.

Hakuna aliyetoka! Baadaye ndiyo nimeambiwa: walikuwa wanakaguana vidole. Wote wamesimama, mikono juu, wanamtafuta aliyenaswa! Mimi nje nanyongwa. Nikagonga tena. Fundi wa boila, lile tangi letu la kuchemshia maji, akawaambia hilo si bomba, hilo ni geti.

Likafunguka. Fundi na spana yake, Redio na shuka bichi — na sauti! Sijawahi kuipenda sauti ya Redio kama leo. Mtaa mzima ulichungulia. Yule mtu akaachia, akatimua mbio. Nikakaa chini pale pale nikacheka. Halafu nikalia. Mkanda ilibidi Redio aukate kwa mkasi.

Wakanipeleka polisi, nikaeleza shati na kovu, kisha zahanati. Michubuko tu. Michubuko tu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala mpaka jua likanitoa kitandani. Shingo nzito, roho nyepesi. Chai ya wifi leo tamu ajabu.

Kaka kaja kukaa ukingoni mwa kitanda. Kisha: Jumatatu huendi. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka, ningepata pa kumjibia.

Nilimngoja mama mdogo na ile 'nilikwambia' yake. Hakuisema. Kanikumbatia, kasema wa kulaumiwa ni aliyenivamia, si mimi. Halafu kakiomba kile kipande cha mkanda. Kahangaika na fundo, kwa kucha, kwa meno, limegoma. Kasema, mwanangu, umefunga vizuri mno. Tukacheka mpaka shingo ikauma.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda! Mama mdogo ndiye aliyemlainisha kaka, sijui kwa maneno gani. Kaka kanisindikiza, uso kaukunja njia nzima, na hakurudi. Kabaki mlangoni kama mlinzi.

Saa ya chakula mama mdogo kaja kutufundisha, pale tunapokunjia mashuka. Kwanza kelele. Redio alipoanza, fundi wa boila kaziba masikio. Zamu yangu — sauti ya kifaranga. Tena. Kifaranga. Mama mdogo kaniambia nimkumbuke yule mtu. Nikamkumbuka, nikakumbuka na lile kofi, na hapo ikatoka! Kaka kashtuka, kaangusha simu yake. Kisha kacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kumbe unayo, kasema.

Tumekubaliana: uchochoroni hapiti mtu peke yake, mkoba mkononi, bila fundo. Na geti likigongwa, hakuna kukagua vidole. Kaka kasema ananipa wiki hii tu. Kikitokea kitu chochote, naacha. Nimekubali. Ningefanyaje?

Jumatano, 12 Machi

Chakula cha mchana. Naandikia juu ya mafurushi, karibu na geti la nyuma kwa sababu kuna upepo. Polisi bado hawajampata. Woga ninao, sidanganyi. Asubuhi nilimwona mtu wa shati la kijani, nikavuka barabara. Alikuwa anauza soksi. Lakini nimekula sahani nzima, na jana nililala bila kuamka. Kaka kanitumia ujumbe, eti umefika? Nimefika, kaka.

Redio anasimulia tena mkasa wangu. Sasa hivi wavamizi wamekuwa watatu, na yeye kawaangusha wawili. Namwacha.

Ngo ngo ngo. Kimya. Ngo ngo ngo.

Mashine zimezimwa. Wote wametazama mikono yao — mazoea! Yangu ninayo, imeshika kalamu. Si bomba, ni geti: kuna mtu nje. Fundi anatafuta spana. Redio anavuta pumzi. Kaka akijua, kazi basi. Najua.

Komeo liko karibu na mimi kuliko wote, na sauti ninayo. Naacha kalamu, nafungua.