Sindano ya Agosti

Dukani kwa Mama,
meza ya kukatia.
Jumanne, 16 Aprili

Mpendwa Dada, mama wa mapacha wetu,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana za leo si za kusoma umesimama. Hujambo? Shemeji hajambo? Na mapacha wangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Kile kikohozi chako cha mwezi uliopita kimekuachia? Usinijibu kwamba kimebaki kidogo tu. Neno kidogo nimeanza kuliogopa.

Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo haijatulia. Mama yupo, anakula, anacheka, anasema watu kama kawaida yake. Hivi ninavyoandika amekaa kwenye kiti cha wateja na mto mgongoni, ananisimamia nisije nikapindisha kola ya shati la mwalimu. Nimemwambia ninaandika orodha ya vifungo vya kununua.

Ulisikia kwa simu kwamba mgongo unamsumbua. Hukusikia yote.

Ilikuwa wiki ya pili ya Machi. Mkasi ulidondoka chini ya cherehani, Mama akainama kuuokota. Hakujikwaa, hakuanguka, hakubeba kitu. Aliinama tu kama alivyoinama miaka hamsini, akabaki palepale ameshika mguu wa meza. "We Kifungo," akasema polepole, "njoo uniinue, lakini usinivute." Unamjua Mama, mtu wa kuungua na pasi akaendelea kunyoosha suruali. Nilipoona jasho juu ya mdomo wake, nilipiga kelele kuita msaada. Fundi viatu wa mlango wa pili alikuja na gundi yake mikononi, ndiye tuliyesaidiana naye kumfikisha hospitali.

Picha ilionyesha pingili tatu za uti wa mgongo zimebonyea. Tatu, Dada, na yeye alikuwa analalamikia moja. Zile mbili zilibonyea kimyakimya, labda tangu Januari.

Hapo ndipo nilipolikumbuka gauni lake la bluu. Januari alisema linaburuta, kitambaa kimelegea kwa kufuliwa. Nikapandisha pindo inchi moja. Februari likaburuta tena, nikapandisha nusu inchi nyingine, nikalikata na lile lililozidi. Mafundi wawili wazima, tunashinda na futi shingoni, tukalaumu kitambaa! Pamba ikifuliwa hurudi, hairefuki, hilo hata mteja analijua. Aliyekuwa anapungua ni Mama, na mimi nilikuwa nampunguzia gauni ili asijikwae.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwa simu ningelia, ungenionea huruma, na sitaki unionee huruma kabla hujajua.

Safari ya dawa zake unaikumbuka. Alipovunjika kifundo cha mkono miaka mitano iliyopita walimwanzishia kidonge cha kila wiki, kile cha kumeza na maji matupu kabla ya kula chochote, halafu ukae wima nusu saa. Mama huyu akae nusu saa bila kuinamia cherehani? Alimeza, akainama, kikamchoma kifuani kama kaa la moto. Mwaka wa pili daktari akakiondoa, akampa sindano ya kila miezi sita. Hiyo ilimkubali. Kipimo cha mifupa kikapanda, naye akawa anawaambia wateja kwamba ndani yake kuna chuma.

Tarehe nilizishika mimi. Niliziandika kwenye daftari la oda, katikati ya sketi na mapazia: "Mama, sindano," na siku yake. Ile ya Agosti mwaka jana iliangukia wiki ya sare za shule. Nikaifanya ninavyozifanya oda zote zinapotubana: nikapiga mstari, nikaisogeza Septemba. Septemba zikaja sare za kwaya, nikaisogeza Oktoba. Baada ya hapo niliacha hata kupiga mstari, nikawa nageuza ukurasa tu.

Unatujua mafundi cherehani, tumezaliwa na "njoo kesho" mdomoni. Kwetu nguo iliyopitisha siku haiozi. Inaning'inia kwenye msumari, inamsubiri mwenyewe, na siku akija tunaipiga pasi anaondoka anacheka. Nilidhani na sindano ya Mama inasubiri hivyo. Sikuwa na nia mbaya, lakini hata nia nzuri ingemfaa nini?

Daktari wa mifupa, yule mwanamke mwembamba ambaye Mama amembatiza Pini, alinieleza bila kunikemea, na heri angenikemea. Alisema ndani ya mfupa kuna wabomoaji na wajenzi, wanafanya kazi kila siku. Sindano ya miezi sita huwafunga mikono wabomoaji, haiwafukuzi. Nguvu yake ikiisha na nyingine haijaingia, wanaamka wote kwa pamoja na njaa yao, na kwa miezi michache wanakula kilichowekwa kwa miaka. Kwa hiyo dawa ile haiachwi hivihivi. Ama unaiendeleza kwa siku yake, ama unaikabidhi kwa dawa nyingine ya kulinda. Nadhani tuliwahi kuambiwa hayo siku ya kwanza. Nadhani nilikuwa naangalia saa.

Mama alikuambia alisahau. Uzee, alisema, na wewe ukacheka, ukamwambia anunue kalenda. Dada, Mama hakusahau. Aliniuliza Agosti, akaniuliza tena kabla ya mwaka kwisha, na mara zote mbili nilimjibu, "Tutaenda, Mama, tumalize hizi kwanza." Ananifunika kama alivyotufunika kwa baba tulipokata pazia la sebuleni kushonea mwanasesere. Na mimi mwezi mzima nimekaa ndani ya hilo shuka nimenyamaza. Nimechoka kujificha nyuma ya mgongo wa mama, tena mgongo wenyewe ndio huo.

Sasa kuhusu ushauri wako. Ulisema huko kuna sindano ya kila siku inayojenga mfupa, na kwamba tuachane kabisa na hii iliyomponza. Nilikuwa upande wako, nikaenda kwa Pini nikiwa na maneno yako kichwani neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hata hapa ipo, na ni dawa nzuri. Kama Mama angeanza nayo siku ile ya mkono, kisha ikafuata ya kulinda, pengine huo ungekuwa mpangilio bora kuliko wote. Lakini ukitoka kwenye hii ya miezi sita ukaingia kwenye ile ya kujenga peke yake, mfupa hushuka kwanza kabla ya kupanda, na Mama hana pa kushukia tena. Dawa zilezile, Dada, ukibadilisha tu ipi inatangulia zinakugeuka. Nilitoka pale nikijiogopa mwenyewe, maana siku moja kabla nilikuwa tayari kumsukuma Mama huko kwa nia njema nyingine.

Alichotuchagulia ni hiki. Kwanza kurudi kwenye sindano ya miezi sita, bila kuchelewa, ili wabomoaji wafungwe tena. Kisha, juu yake, ile ya kila siku ya kujenga, zikienda pamoja kwa muda usiozidi miaka miwili. Hakuficha kwamba si kila daktari angeziunganisha, lakini kwa pingili tatu yeye angejaribu, na Mama akakubali. Ya kujenga ikiisha, ya miezi sita inabaki. Na kama siku moja itabidi iachwe, lazima ipokewe na dripu ya dawa nyingine ya kulinda mfupa, kwa tarehe yake, si wiki tunayopata nafasi. Alinichorea yote nyuma ya karatasi ya picha, nimeibandika juu ya kioo cha kujipimia.

Hata huko kurudi hatukuanza siku hiyohiyo. Ilibidi damu ipimwe kwanza, figo na madini ya kalsiamu, kwa sababu sindano ile huweza kuyashusha, na yakiwa chini tangu mwanzo ni hatari. Majibu yalichukua siku tatu, Ijumaa mpaka jana. Siku hizo sikuwa mtu. Niliondoa ndoo, nikaondoa mkeka, mkasi nikaufunga kwa utepe kwenye meza usidondoke tena. Mama akipiga chafya, niliinuka kwenye cherehani. Fundi viatu akigonga soli ukutani kwake, nilikimbia chumba cha nyuma kuona nani ameanguka, nikamkuta Mama anatunga uzi. "Wewe ndiye utakayeniua kwa kunikodolea macho," akaniambia.

Jana majibu yalikuja mazuri, akachomwa. Nesi alimaliza kabla sijakaa vizuri. Kitu chenyewe ni cha muda mfupi kuliko kutia kifungo, Dada, na hicho ndicho nilichokosea nafasi tangu Agosti.

Ile ya kila siku nitakuwa namchoma mimi, kuanzia wiki ijayo. Nesi alinifundisha kwa chungwa. Mkono huu umeshona hariri ya maharusi bila kuteleza, lakini kwenye lile chungwa ulitetemeka mpaka Mama akauliza kama ninalionea huruma.

Nilimuuliza daktari kama sasa pingili ya nne iko salama. Hakuniahidi. Alisema miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kuangalia. Ninaogopa, Dada. Ninaogopa ngazi, ninaogopa bafu, namwogopa mteja mnene anayependa kumkumbatia Mama. Nikimwona anaegemea meza natamani nimkamate, na nikimkamata naogopa vidole vyangu.

Jumapili aliniambia nimpime upya, anataka gauni jipya. Nilitaka kutumia kipimo chake cha zamani kwenye daftari, akanikatalia kwa yale maneno yake, kwamba fundi anayepima kwa kumbukumbu anamshonea marehemu. Bega mpaka kifundo cha mguu, zamani inchi hamsini na nne. Nikapima mara tatu. Hamsini na mbili na robo. Niliandika, nikafunga daftari. Akaniambia tu nimwachie pindo kubwa kama la sare ya mtoto, huenda akarefuka. Daktari alishanieleza kwamba pingili iliyobonyea haisimami tena kama zamani. Nimemwachia inchi tatu.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha kitambaa cha bluu. Ni lile pindo nililolikata Februari, wiki chache kabla ya kuinama kule. Nimelishona kwa uzi mwekundu tarehe ya sindano ijayo: 15 Oktoba. Kingine kama hicho nimekishona kwenye kitambaa cha meza hii, maana kwenye daftari nina kalamu, na kalamu yangu sasa unaijua. Kitundike mahali unapopita kila siku. Tarehe hiyo ikikaribia nipigie, na nikikuambia tuna sare mia mbili na wenyewe wako mlangoni, usinisikilize. Kuwa mkali. Ukitaka kunikasirikia kwa haya niliyoyafanya, nikasirikie, ila usikae kimya.

Shemeji msalimie sana, mwambie suruali yake iko tayari tangu mwaka juzi, ni kweli safari hii. Mapacha wabusu, wa kwanza na wa pili kwa haki sawa. Fundi viatu anakusalimu, anauliza kama viatu alivyokushonea bado vinalia. Mungu awalinde ninyi mlio mbali, na huyu aliye karibu amshikilie pale mikono yangu isipofika.

Nilikuwa nimefikia hapo nikitaka kutia sahihi, Mama akauliza hiyo orodha ya vifungo imekuwaje ndefu hivyo, na mbona naifutia machozi. Nikamwambia ni vumbi la chaki. Akarekebisha mto wake, kisha akasema bila kunitazama, "Mwambie dada yako nilisahau mwenyewe."

Mdogo wako akupendaye, mwenye hofu na asiyejificha tena,

Kifungo