Kura Tatu Zangu, na Baba Bila Hata Moja

Baba yangu,

Misimu miwili ya mvua imepita juu ya kaburi lako hapa Bahati, nami bado situlii. Nasahihisha madaftari ya watoto, nainuka, nachungulia dirishani, narudi kuketi.

Unakumbuka redio ya yule mzungu uliyempikia miaka yote? Uliisikiliza kutoka jikoni. Siku uliyosikia Sudan imejitawala kama India, ulikuja nyumbani na unga mikononi. "Dunia inageuka, mwanangu. Hata huku itafika."

Ilifika nusu. Waafrika tuliporuhusiwa kuchagua wajumbe wetu kwa mara ya kwanza, karani alitupima kwa masomo, mshahara na mali. Mimi mwalimu nikapewa kura tatu. Wewe, uliyenisomesha kwa kusugua sufuria za watu, hukupata hata moja.

"Kwa hivyo wewe ni watu watatu," ulisema tukitoka, "na mimi si mtu?"

Nilikwambia nitapiga moja kwa niaba yako. Ukasimama katikati ya barabara. "Usinipe. Cha kupewa hunyang'anywa. Nataka yangu."

Siku yenyewe ulinisindikiza hadi Nakuru, na miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba. Ukabaki nje ya ua, kofia mkononi. Nilipiga zote tatu. Nilipotoka hukuniuliza nimechagua nani. Uliniuliza, "Umeona mzee wa rika langu mle ndani?"

"Sikuona, baba."

Ukavaa kofia, tukaenda.

Sasa Ghana nao wametimiza mwaka wakijitawala, na karani amerudi. Anataka niwafundishe wapishi na wakamuaji ng'ombe wa mashambani kusoma, ili wafikie kipimo. Kusoma nitawafundisha, wala sitachoka. Lakini kipimo hicho kinaninyima usingizi. Wakikifikia, nani ataizuia serikali kukiinua tena?

Basi tumemwandikia DC barua: kila mtu mzima, kura moja. Nimeandika kwamba zangu mbili zifutwe. Wazee wametia vidole gumba, mmoja baada ya mwingine, wengine wakipuliza wino ukauke.

"Utafutwa kazi, mwalimu," mkuu wa shule ameniambia.

Huenda. Kesho asubuhi naipeleka mjini mwenyewe. Naogopa, baba, tena sana. Lakini jina langu liko juu kabisa, nami sikulificha.

Pumzika wewe uliyechoka.

Ni mimi, binti yako.