Jina Lisiloenea Katika Wimbo

Jumapili, Gitega. Mvua tangu alfajiri, na cherehani sijaigusa.

Asalaam aleikum mwanangu Umutoni. Baba yako anakusalimu, mgongo bado unamsumbua. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Mdogo wako Zaina anakusalimu, ingawa amenuna. Mama Hadija wa mlango wa pili naye pia. Simu zangu hupokei, basi naandika kwenye ukurasa huu wa mtandaoni ulionifungulia nionyeshe nguo ninazoshona. Leo sina nguo.

Jumapili iliyopita ulikuja na kazi ya chuo: chagua wimbo wa utotoni, eleza melodia yake ilivyojengwa. Ukachagua igihozo chako, ule wimbo wa kubembelezea ambao kila mama hapa anamtungia mtoto wake. Nilijiona mtu wa maana. Ukanionyesha kipande cha sauti nne, kinarudiwa, kinapanda ngazi moja, kinageuzwa, halafu kinashuka kupumzika kwenye jina. Kumbe nilijua yote hayo bila kujua.

Kisha ukaimba pale mwisho mara tatu.

"Mama, hapa kuna sauti mbili tu, ndefu. U-mu-to-ni halienei, unalibana. Hapa palikuwa na jina fupi. La nani?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, Ngabo.

Kaka yako. Aliishi miezi saba. Ulipozaliwa wewe nilifungua mdomo nikutungie wako, ukatoka wa kwake. Sikujaribu tena.

"Kwa hiyo mimi nilivishwa nguo ya maiti," ukasema.

Na mimi, kwa uchungu, nikajibu neno ambalo mama hasemi:

"Yeye ilimwenea."

Ukachukua mkoba wako. Chai yako ilibaki mezani.

Siku saba nalala na neno hilo. Na kuna baya zaidi, bora ulisome kwangu: mwaka ule wa kwanza nilikuwa namwimbia yeye. Wewe ulinitazama ukicheka, ukidhani ni wewe. Nilianza kukuona ulipoanza kutembea.

Jana, nikipiga pasi, nilijaribu kutunga igihozo kingine. Kimeanza na jina lako, lote, bila kubana. Bibi yako anasema nimechelewa, binti wa miaka ishirini habembelezwi.

Mimi sijui. Kama unakitaka, nijibu upesi. Kama hukitaka, nijibu upesi vilevile.